Bei ya Nguo Mbichi

Ubao niliununua Gikomba, una ufa kona ya chini.
Chaki nimepewa na mwalimu wa ghorofa ya tatu
anayeniletea mashati saba kila Ijumaa.
Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini,
saa kumi na moja alfajiri, Umoja haijakohoa bado,
natafuta namba.

Kilo moja: kufuliwa, kukaushwa, kukunjwa.
Niandike mia na ishirini?
Nkatha wa ng'ambo ya barabara ameandika themanini,
kwa rangi ya mafuta, haifutiki,
na juzi nimesikia anaazima hela ya stima.
Rahisi nayo ina mtu wa kuilipia.

Haya, tuhesabu.
Maji ya mfereji Jumanne na Ijumaa, yakikumbuka.
Siku nyingine bauza, na dereva wake hana lugha ya mkopo.
Sabuni. Kodi. Mshahara wa Kerubo,
anayekunja shuka mpaka pembe zisalimiane.
Draya, ambayo haitafuni tokeni, inameza.
Na ile soksi moja ya kila wiki
ambayo mwenyewe huikumbuka kuliko deni lake.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.
Yangu ina daftari.
Hupotea na habari zake zote.

Duveti sipimi. Nahesabu kichwa, kama ng'ombe: mia nne.
Inaingia nyepesi,
inatoka majini kama mbuzi aliyezama, watu wawili kuinua.
"Unapima kavu au mbichi?" Bwana Ogutu aliniuliza,
jicho kwenye mshale wa mizani.
Kavu, nikamwambia. Maji ni yangu,
siwezi kukuuzia uzito nilioutia mwenyewe.
(Mizani hiyo humpunja mwenye duka gramu hamsini.
Najua. Sijaenda kuitengenezesha.)

Mpaka hapo ubao ungejaa, nikalala kidogo.
Lakini ni Julai.
Roshani zote zimening'iniza nguo siku ya tatu,
suruali zinanuka kama kisima,
na jua la Nairobi limeenda likizo bila kuaga.

Alhamisi Kasyoka aliingia na beseni kichwani,
juu yake gunia la nailoni, juu ya gunia manyunyu.
Nguo za watu, kazifua Tena, kazikamua mwenyewe.
"Kufuliwa sitaki, mikono ninayo.
Nauza jasho, wewe niuzie huo upepo wa moto tu.
Pesa ngapi?"

Sikuwa na mstari wa jambo hilo.
Nikasema mia na hamsini, kwa sauti ya mwenye duka.
Hakubisha. Alihesabu kwa vidole,
vidole vyeupe nchani, vimepasukapasuka, vya sabuni ya mche,
na mimi vidole hivyo nilivivaa miaka minne Buruburu,
kwa mama aliyefunga hita na ufunguo.
Siku nzima analipwa mia tano, zikirudi kavu.
Zikirudi mbichi, kesho.
Akajitwika beseni lake akatoka.

Kwa hiyo narudi kwenye ndoo hii.
Mzunguko mmoja wa draya, stima peke yake: themanini na mbili.
Nimepiga hesabu mara tatu, haishuki.
Sitaki kuandika huruma ubaoni,
huruma haina chenji, na wiki ijayo itanifungia mlango.
Wala sitaki ile mia na hamsini.

Nikaandika: KUKAUSHA TU, MASHINE IKIWA TUPU — 90.
Faida shilingi nane.
Kerubo alipofika alisoma, akanitazama,
akatundika koti lake, hakusema kitu.

Saa moja na nusu Kasyoka kasimama mlangoni, beseni limejaa,
anasoma mstari wa mwisho polepole, midomo ikicheza.
"Themanini na tano," akasema.

Sikupunguza.
Nilimsogezea ndoo akae.